Konzi Tatu za Mchanga

Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini kitu mpaka akishike. Walimu wengine pale shuleni kwetu, upande wa Kola, walifundisha kwa chaki na kiboko, nasi tuliimba majibu bila kujua tunaimba nini. Huyu alikuja katikati ya miaka ya tisini, kijana mwembamba aliyetoka chuoni juzijuzi, akatuondolea raha ya kuimba. Tukisoma urefu, alitutoa nje na kamba ya katani tupime uwanja. Tukisoma saa, tulikata maboksi ya sabuni tukatengeneza saa za kuvaa mkononi, na wiki nzima kijiji kilijaa watoto wa kukuambia kuwa ni saa tisa na nusu, hata asubuhi. Nilimpenda sana. Nalisema mapema kwa sababu kuna siku tatu nilizomchukia kwa moyo wangu wote.

Wazazi hawakumwelewa. Walisema mkutanoni kwamba kamba na maboksi vipo hata nyumbani, mtoto hapelekwi shule akavichezee. Mama yangu hakutia neno. Yeye aliishia darasa la pili, na mbele ya watu waliosoma alikuwa na heshima iliyokaribia woga. Akipita karibu na shule alishusha sauti, kama jengo lenyewe lingemsikia akikosea.

Mama aliuza nafaka katika soko la Jumamosi: maharagwe, pojo na mbaazi kavu. Baba alikuwa mlinzi Nairobi, akija nyumbani mwisho wa mwezi mmoja na kuruka miwili, kwa hiyo tulichokula na tulichovaa kilitoka kwenye magunia ya mama. Kipimo chake kilikuwa gorogoro, kama cha wauzaji wote. Ni ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Mafuta yakiisha, unapata kazi ya pili na kuifanya mpaka kutu iumalize. Gorogoro ya mama ilikuwa imeng'aa kwa kushikwa. Sokoni haikuwekwa chini hata mara moja. Ama ilikuwa mkononi mwake, ama imezama ndani ya maharagwe. Kitako chake kilikuwa kimebonyea kuelekea ndani, shimo la kutosha kuegesha yai. Mimi nilizaliwa nikalikuta shimo hilo. Nilidhani ni kitovu, na kwamba kila gorogoro ina chake.

Alhamisi moja mwalimu akatuambia kesho yake kila mtu aje na chombo kutoka nyumbani, cha aina yoyote, kwa sababu tutajifunza ujazo. Ijumaa asubuhi mama alikuwa ametoka mapema kwenda Machakos mjini kutafuta gunia la maharagwe. Ya kwetu yalikuwa machache mwaka ule, kwani mvua ya Novemba ilichungulia tu ikarudi ilikotoka. Nikaangaza macho jikoni. Kulikuwa na sufuria nyeusi ya kunitia aibu, vikombe viwili vilivyopasuka midomo, na pale ukutani, kwenye msumari wake, gorogoro.

Nilijua wenzangu wataleta chupa za soda na makopo ya rangi. Mimi ningeleta kipimo chenyewe, ambacho watu wazima walisimama mbele yake wakingoja zamu. Sikuomba ruhusa kwa sababu hapakuwa na wa kumwomba, na pia kwa sababu nilijua jibu.

Tulipima kwa mchanga wa mto. Maji tulibeba wenyewe mgongoni mara mbili kwa wiki, yalikuwa ya kunywa na ya kupikia uji wa watoto wadogo, na mwalimu hakuthubutu kutuambia tuyachezee. Mchanga kwetu hauishi. Tulitoa madawati nje, tukayapanga kando ya ukuta wenye kivuli, na mwalimu akaweka mbele yetu jagi la plastiki lenye mistari ya lita. Sheria yake ilikuwa moja: kwanza ukisie, halafu ujaze, ulinganishe juu kwa rula, ndipo upime. Mvulana mmoja aliapa kwa jina la nyanya yake kwamba chupa yake yenye shingo ndefu itashinda kikombe kinene cha jirani yake. Ilishindwa, na akataka irudiwe, ikarudiwa, ikashindwa tena. Tulicheka mpaka darasa la tano wakatuchungulia madirishani kwa wivu.

Rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alikuwa pia na gorogoro. Kwao walichotea unga. Mikebe yetu ilifanana kabisa, ya mafuta ya aina moja, hata rangi iliyosalia ubavuni ilikuwa ile ile. Mwalimu alipoiona akafurahi mno, akaiweka kando kwa kando juu ya dawati.

"Hizi mbili mnakisia aje?" akauliza.

"Sawa!" tukaitika darasa zima.

"Mna hakika?"

"Sawaaa!"

"Basi mwageni tuone."

Rafiki yangu alijaza mkebe wake, akaufuta juu kwa rula taratibu, maana alikuwa mtu wa usafi, kisha akaanza kuumimina kwenye wangu. Wangu ukajaa. Yeye akaendelea kumimina. Mchanga ukafanya kilima kidogo, kilima kikaporomoka pande zote, ukaenea juu ya dawati. Akaacha, akachungulia ndani ya mkebe wake, akakuta bado kuna mwingine.

"Asi!" akasema. "Yako imeshiba haraka."

Watu walicheka, nami nilicheka nao. Sijawahi kujisamehe kicheko hicho, ingawa mtoto wa miaka kumi hana kosa katika kucheka asichokijua. Tukarudia kwa upande wa pili, wangu kwenda kwake, na mchanga haukufika juu. Hapo mvulana aliyekaa nyuma akasema kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo, "Kwani hiyo si ndio mama yake hutupimia nayo sokoni?"

Kicheko kikakatika. Walikuwa wote watoto wa wateja wa mama. Halafu mmoja akanong'ona, "Siku za mwizi ni arobaini." Methali hiyo tulikuwa tumepewa wiki ile ile kwenye zoezi la Kiswahili, na huyo aliyenong'ona alikuwa amepata sufuri.

Mwalimu aliuchukua mkebe, akaugeuza, akatia kidole gumba kwenye lile shimo. Kisha akanitazama. Nilipoona anavyonitazama ndipo nikaelewa.

"Mkebe umebonyea," akasema. "Vyombo hubonyea. Huanguka, hugongwa. Sasa nani atatuambia umepunguza kiasi gani?"

Akamwambia rafiki yangu ajaze wake tena, amimine kwenye wangu mpaka ulingane juu, na kilichobaki akitoe kwa mkono, konzi moja moja, darasa likihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Akaingia darasani akaandika ubaoni: mkebe wa pili, pungufu konzi tatu. Leo najua alikuwa akiniokoa kwa njia pekee aliyoijua, kuliondoa jambo kwa watu na kulipeleka kwa hesabu. Lakini alikuwa kijana, na hakufikiria kwamba hesabu ndiyo inayosafiri vizuri. Umbea kila mtu huubadilisha kidogo, mwishoni hauaminiki. Konzi tatu ni konzi tatu hata zisimuliwe na nani.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, nikaufuta mkebe kwa sweta yangu, nikautundika kwenye msumari. Mama alirudi jioni amechoka, gunia likiwa limebebwa kwa mkokoteni wa punda, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia wakati akivua viatu, na nyingine wakati akichuja chai, na nyingine tena alipokuwa akipepeta maharagwe. Zote niliziacha zipite. Nilijidanganya kwamba watoto ni wasahaulifu.

Jumamosi nilimsaidia kupanga. Alitandaza gunia tupu, akamwaga maharagwe yakafanya kilima, akazamisha gorogoro katikati. Mteja wa kwanza alikuwa mama ya rafiki yangu, mwanamke mkubwa wa mwili na mpole, aliyenunua kwetu kila wiki. Rafiki yangu alikuwa nyuma yake akitazama vidole vyake vya miguu.

"Nipimie mbili," akasema.

Mama akapima mbili, akazijaza mpaka zikawa na kichwa, akatupia na nyongeza ya mkono kama kawaida yake.

"Ongeza konzi tatu kwa kila moja."

Mama akacheka. "Konzi tatu za nini, dada yangu? Si nimekuwekea nyongeza?"

"Nyongeza ni nyongeza. Hizo tatu ni zangu."

"Zako kutoka wapi?"

Yule mama alinitazama. Sauti yake haikuwa na ugomvi, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Uliza mtoto wako. Jana walipima shuleni."

Akarudisha maharagwe kilimani, akaenda meza ya pili. Mama akanigeukia. Nikatazama gorogoro. Akachukua gorogoro, akapitisha kidole ndani kwenye ukingo wa chini, akakitoa kikiwa na punje za mchanga wa mto. Akaziangalia muda mrefu kwa mtu aliye sokoni.

Siku hiyo tulijifunza jinsi soko linavyoweza kukupita. Watu walitusalimia vizuri, "habari ya asubuhi," "watoto hawajambo," kisha wakanunua kwingine. Wengine walikwenda kwa wauzaji ambao gorogoro zao nina hakika zilikuwa na vitovu vikubwa kuliko chetu, lakini hao hawakuwa na mtoto darasa la nne. Kufikia saa nane kilima chetu kilikuwa karibu vile vile. Mama hakunikemea. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, akiitikia salamu zote. Ningependa anipige. Niliona haya kwa ajili yake, halafu nikaona haya kuwa mtoto wake, halafu nikamchukia mwalimu na kila kitu kinachopimwa duniani.

Tulibeba maharagwe nyumbani, yeye gunia, mimi mfuko. Tulifika, tukayatua.

"Ungeniambia jana," akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Ukaona heri niambiwe na watu."

Nikaanza kulia. Nilimuuliza, katikati ya kilio, kama mkebe uliangukia kitu. Nilitaka sana aseme ndiyo. Alikaa juu ya gunia.

"Niliununua kwa yule mama mzee aliyeniachia nafasi sokoni," akasema. "Niliukuta hivyo." Kisha akasema, "Na nilijua."

Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo nahisi joto machoni. Angeweza kuishia pale pa kwanza. Nilikuwa mtoto, ningemwamini. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe kule mjini hupimiwa hivyo hivyo, na magunia anayouziwa hujaa upepo, na kwamba konzi tatu ndizo zilizokuwa sukari yetu na daftari zangu. Hakulisema kama mtu anayejitetea. Alikuwa akinieleza tu, kama anavyonieleza njia ya kwenda kisimani. Halafu akauliza kitu ambacho nadhani alikuwa nacho moyoni tangu asubuhi.

"Mwalimu alisema nini juu yangu?"

"Alisema mkebe umebonyea."

"Hakusema mimi?"

"Hapana. Alisema vyombo hubonyea."

Akatikisa kichwa polepole. "Huyo amelelewa," akasema.

Jumapili baada ya kanisa, huku kitambaa bado kikiwa kichwani, aliingiza mchi wa kinu ndani ya gorogoro na kuupigilia. Ilichukua muda. Bati lilikuwa limezoea uongo wake, halikutaka kuuacha. Mwishoni likatoa mlio mkubwa, kuku wakatawanyika, na kitako kikatoka nje. Hakikutoka sawasawa. Upande mmoja ulibaki na mkunjo ambao mchi haukuweza kuufikia. Mama aligonga mpaka jasho likamtoka, kisha akaacha.

Jumatatu tulikuwa kwenye somo la hesabu nilipomwona kupitia dirishani akivuka uwanja wa shule. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na viatu vya kufunga, na chini ya leso, kwapani, kulikuwa na kitu cha mviringo. Niliomba kwa Mungu apitilize aende kwa mwalimu mkuu. Niliomba hata augue kidogo, jambo dogo tu, mguu uteguke. Akaja moja kwa moja mpaka mlangoni mwetu, akabisha ukutani.

Mwalimu alibadilika rangi. Wazazi waliokuja darasani mwa mwalimu bila kuitwa, kwa kawaida walikuja na maneno makali, na wengine walikuja na fimbo.

"Mwalimu, sijakuja na vita," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimeleta mkebe. Nataka ipimwe mbele ya hawa watoto. Hao ndio waliona ya kwanza, waone na hii."

"Mama, si lazima. Hayo yalikuwa masomo tu."

"Ndio. Nami nimekuja kwa masomo."

Karai la mchanga wa Ijumaa lilikuwa bado kwenye kona. Mkebe wa rafiki yangu haukuwepo, lakini jagi lilikuwepo. Mwalimu alikuwa ameandika daftarini mwake gorogoro nzima hubeba kiasi gani. Akajaza jagi mchanga mpaka kiasi hicho, akamwita rafiki yangu mbele amimine, kwa sababu mkono wake ndio uliokuwa makini, na mama akashika gorogoro kwa mikono miwili isitikisike. Niliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dawati. Nilisikia tu mchanga ukishuka. Kisha nikasikia rula ikifuta juu.

"Imekaribia," mwalimu akasema. "Imekaribia kabisa. Mama, hii ni sawa."

"Kukaribia ni kukaribia," mama akasema. "Imebaki ngapi?"

"Ni kidogo tu."

"Nitolee hiyo kidogo."

Nikainua kichwa. Mama mwenyewe alikuwa ametia mkono ndani ya jagi, mkono wake wa sokoni, ule mnene wenye kovu la jembe, akautoa ukiwa umefumbwa. Akaufungua mbele ya madawati ya kwanza ili waone. Ilikuwa konzi moja, haikujaa.

"Moja," akawaambia. "Semeni nyumbani, ni moja. Mchi haikufika hapo kwa kona. Kuanzia Jumamosi nitaweka hii moja kwanza, halafu nyongeza ndio ianze. Na siku nikisahau, mtoto yeyote hapa aniambie, Mama, bado moja. Sitakasirika."

Akamgeukia mwalimu. "Andika pale juu, kama uliandika ile ingine."

Mwalimu aliandika. Chaki ilikatika mara moja. Mama alisimama akiyatazama maandishi hayo, midomo ikisogea, akiyasoma neno kwa neno kwa darasa lake la pili. Hakuna mtu aliyecheka. Yule wa methali alikuwa amejikunja nyuma ya mwenzake.

Mwalimu alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha hata siku hiyo: mgeni akiingia darasani, haondoki kabla mwanafunzi mmoja hajasimama kumshukuru kwa niaba ya wengine. Alikuja daktari wa mifugo, tukamshukuru. Alikuja fundi wa madirisha, tukamshukuru. Akafuta chaki vidoleni, akauliza, "Nani atamshukuru mgeni wetu?"

Hakuna aliyeinua mkono. Rafiki yangu alinitazama kisha akatazama pembeni. Mwalimu hakunitazama hata kidogo, na sasa najua alikuwa akinipa nafasi ya kukaa kimya. Mama alikuwa akijifunga leso upya kiunoni, akifanya haraka, mtu asiyetaka kumchelewesha yeyote. Alikuwa tayari ameufikia mlango.

Nikasimama. Magoti yangu yaligonga dawati na wote wakageuka. Shukrani nilikuwa nazijua, tulizikariri: kwa niaba ya darasa la nne, tunakushukuru kwa kututembelea. Sikuweza kukumbuka hata neno moja.

"Huyu ni mama yangu," nikasema.